Kupima jarida la kitaaluma kwa takwimu: Web of Science, Scopus, Google Scholar, OpenAlex au uhesabu mwenyewe?

Mhariri anatakiwa kuandika ripoti ya miaka kumi ya jarida lake. Mwanafunzi wa uzamili katika ukutubi amepitishiwa mada, sasa anatafuta data. Mkuu wa idara ameambiwa atetee bajeti ya kuchapa jarida ambalo, kwa mujibu wa mjumbe mmoja wa kamati, "halisomwi". Wote watatu wanakwama mahali pamoja: hesabu tuitoe wapi?

Bibliometria ni kazi ya kuhesabu machapisho ili kuona mwenendo wake: makala ngapi zimetoka, nani kaandika, kutoka chuo gani, na nani amezirejelea. Hesabu za aina hii zilikuwepo tangu Alfred Lotka alipochunguza tija ya wanasayansi mwaka 1926. Siku hizi programu zinafanya kazi kwa dakika chache, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanahangaika na kipimo gani watumie, ilhali chanzo cha data kimeshaamua nusu ya matokeo kabla hawajaanza. Jarida moja linaweza kuonekana mfu kwenye chanzo kimoja na hai kabisa kwenye kingine, na hakuna chanzo kilichosema uongo.

Kwa hiyo hapa nalinganisha vyanzo vitano. Kila kimoja nimekipitisha kwenye maswali yaleyale.

Vigezo vya kulinganisha

Swali la kwanza ni kama chanzo kinaliona jarida lako. Ukubwa wa hifadhidata hauna maana ikiwa matoleo yako hayamo. Pili, kinahesabu nini, na kwa dirisha la miaka mingapi. Tatu, data ni safi kiasi gani. Hapa Afrika Mashariki swali hili ni zito kuliko linavyoonekana: mwandishi mwenye jina lake, la baba na la babu anaweza kutokea kama watu watatu tofauti, kwa sababu toleo moja liliweka jina la babu kama ukoo, lingine la baba, na lingine likaweka herufi za kwanza tu. Nne ni gharama na urahisi wa kupakua data. Mwisho, anafaidika nani.

Web of Science

*Kinachoonekana.* Mzizi wake ni Eugene Garfield, aliyetoa hoja ya fahirisi ya marejeleo mwaka 1955, kisha kampuni yake ya Philadelphia ikachapisha Science Citation Index mwaka 1964. Leo inamilikiwa na kampuni ya Clarivate. Ni hifadhidata ya kuchagua: jarida linachunguzwa kwanza ndipo linaingia. Sayansi asilia na tiba zimekaa vizuri humo. Isimu, fasihi na historia zinazoandikwa kwa lugha za Afrika zinaonekana kwa shida, ingawa orodha ya ESCI, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya majarida yanayochipukia na ya kanda, imepanua mlango kidogo.

*Kinachohesabiwa.* Hapa ndipo kilipo kipimo cha athari, JIF (Journal Impact Factor), ambacho kila mtu anakitaja na wachache wamewahi kukikokotoa. Tuseme jarida lilitoa makala 30 mwaka 2022 na 34 mwaka 2023, jumla 64. Katika mwaka 2024, matoleo ya miaka hiyo miwili yakarejelewa mara 48. Gawanya 48 kwa 64, unapata 0.75, nayo itaandikwa 0.8 kwa kuwa tangu 2023 Clarivate wanatoa desimali moja.

Rahisi, lakini angalia sehemu mbili za hesabu hiyo. Juu huingia kila rejeo lililoelekezwa kwa jarida, hata kwa tahariri na barua. Chini huhesabiwa makala za utafiti na za mapitio peke yake. Kuamua kipi ni "makala" na kipi si makala kunabadilisha jibu: mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza hadharani kwamba kipimo chao kingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11, kutegemea machapisho gani yangehesabiwa chini ya mstari. Kisa kingine ni cha Acta Crystallographica A. Kipimo chake kilikuwa takribani 2 kwa mwaka 2008, kikaruka hadi karibu 50 kwa mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick kuhusu programu ya SHELX, iliyorejelewa maelfu ya mara. Jarida halikuwa limebadilika. Wastani ndivyo ulivyo, makala moja inaweza kuubeba mzigo wa zote.

Dirisha la miaka miwili nalo linawaumiza watu wa lugha na historia. Makala ya sarufi huanza kurejelewa kwa nguvu mwaka wa tano, wa sita, wakati JIF imeshafunga hesabu.

*Usafi wa data.* Hapa ni bora kuliko vyote vitano. Anwani za vyuo zimepangwa, marejeleo yameunganishwa, na majarida yanayojirejelea kupita kiasi hunyimwa kipimo kwa mwaka husika.

*Gharama.* Chuo hulipia usajili, nao si wa bei ndogo. Kuangalia kama jarida limo ni bure, kupitia Master Journal List.

*Anayefaa.* Mtafiti wa afya, kilimo, kemia au uhandisi ambaye chuo chake kimelipia, na anayehitaji data isiyomlazimu kusafisha kwa wiki nzima.

Scopus

*Kinachoonekana.* Wachapishaji wa Elsevier waliianzisha mwaka 2004. Inabeba majarida mengi zaidi ya yale ya msingi ya Web of Science, na sayansi za jamii zimo kwa upana zaidi. Masharti yake ya kuingia yako wazi: makala zipitiwe na wataalamu rika na utaratibu huo uelezwe hadharani, jarida liwe na ISSN (nambari ya kimataifa ya jarida) na historia ya angalau miaka miwili, vichwa na ikisiri viwepo kwa Kiingereza, marejeleo yaandikwe kwa herufi za Kirumi, na kuwe na tamko la maadili ya uchapishaji. Mhariri hata asipopanga kuomba, orodha hiyo ni kipimo kizuri cha kujikagua. Makala yenyewe inaweza kuwa ya Kiswahili. Kinachozuia majarida yetu mara nyingi ni toleo la Juni kutoka Desemba.

*Kinachohesabiwa.* CiteScore, kipimo cha Scopus chenyewe, kwa sasa hutumia dirisha la miaka minne: marejeo ya miaka minne kwa machapisho ya miaka hiyohiyo minne. Kuna pia SJR, inayolipa uzito zaidi rejeo linalotoka kwenye jarida lenye hadhi, na SNIP ya Chuo Kikuu cha Leiden, inayozingatia kwamba fani zinatofautiana katika mazoea ya kurejelea. Ukitaka kulinganisha jarida la hisabati na la tiba, SNIP ndiyo yenye busara kati ya hizo, kwa maana watu wa tiba hujaza orodha ndefu za marejeleo na wanahisabati hawafanyi hivyo.

*Usafi wa data.* Nzuri, ila majina ya vyuo vyetu bado hupasuka. Tafuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Kiingereza, la Kiswahili, kisha kwa majina ya ndaki zake kabla hujaamini jumla.

*Gharama.* Kupakua data kunahitaji usajili. Lakini orodha ya majarida na CiteScore zake huonekana bila malipo, na SJR nayo iko wazi kwenye tovuti ya SCImago. Kwa ripoti fupi hiyo inatosha.

*Anayefaa.* Anayeandika kwa ajili ya kamati ya kupandisha vyeo inayouliza "limo Scopus?", na mwanafunzi anayetaka kuchora ramani ya fani nzima. Kumbuka kuangalia pia kama jarida bado limo, maana Scopus huyaondoa baadhi yake baada ya kuyapitia upya.

Google Scholar

*Kinachoonekana.* Karibu kila kitu: makala, tasnifu, vitabu, ripoti za miradi, faili ya PDF iliyowekwa kwenye tovuti ya idara. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2018, uliopitia marejeo takribani 2,450,000, ulikuta Google Scholar inaona asilimia 95 ya yale ya Web of Science na 92 ya yale ya Scopus, pamoja na mengine mengi ambayo hizo mbili hazikuyaona. Kwa jarida la Kiswahili tofauti hii ndiyo roho ya jambo. Makala ya ushairi au ya fonolojia ya Kiswahili hurejelewa zaidi kwenye tasnifu za Dar es Salaam, Dodoma, Kenyatta au Moi, na katika vitabu vya kiada. Hifadhidata za kulipia hazikusanyi tasnifu hizo kwa utaratibu.

*Kinachohesabiwa.* Idadi ya marejeo, na fahirisi ya h, ambayo Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005: jarida lina h ya 12 ikiwa makala zake 12 zimerejelewa kila moja angalau mara 12. Kwa majarida Google hutoa h5, ya miaka mitano. Hapo kuna kizingiti ambacho wengi hawakijui: jarida lisilofikisha makala 100 kwa miaka hiyo mitano halipewi h5 kabisa. Jarida la makala 16 kwa mwaka lina 80, kwa hiyo halimo, hata kama linasomwa kila chuo. Suluhisho ni programu ya bure ya Publish or Perish, ya Anne-Wil Harzing, inayotafuta kwa jina la jarida na kukukokotolea h. Matokeo hayazidi 1,000 kwa kila utafutaji, kwa hiyo gawanya kwa miaka.

*Usafi wa data.* Dhaifu. Makala moja hutokea mara tatu kwa tahajia tatu, mwaka wa toleo hukosewa, na kazi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huhesabiwa sawa na kitabu. Inadanganyika kirahisi pia: mwaka 2012 watafiti watatu wa Hispania walitunga mwandishi asiyekuwepo, wakaweka nyaraka sita za uongo kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Granada, kila moja ikirejelea kazi 129. Google Scholar ikayahesabu marejeo yote.

*Gharama.* Bure, ila lipa kwa muda wako. Hakuna mlango rasmi wa kupakua data kwa wingi.

*Anayefaa.* Mhariri wa jarida la lugha, elimu, sheria au historia anayetaka kuonyesha kwamba kazi inasomwa na kutumika.

OpenAlex

*Kinachoonekana.* Ilizinduliwa Januari 2022 na shirika lisilo la faida la OurResearch, baada ya Microsoft kufunga hifadhidata yake ya Academic Graph. Ina rekodi zaidi ya milioni 200, inazichota Crossref, DOAJ, PubMed, ORCID na kwingine. Imeanza kuaminiwa: Chuo Kikuu cha Sorbonne kiliachana na usajili wa Web of Science na kuelekeza nguvu huku, na Leiden wanatoa toleo la wazi la orodha yao ya vyuo kwa data hiyo.

Jarida lisilo na nambari za DOI, yaani nambari ya kudumu ya kila makala mtandaoni, huonekana kwa bahati tu. Hii ndiyo hatua ambayo ningemsihi kila mhariri aichukue kabla ya kubishana kuhusu vipimo. Tangu Januari 2023 Crossref, shirika linalosajili DOI, wana mpango wa kuwaondolea ada wachapishaji wa nchi zenye uwezo mdogo wa kiuchumi, Tanzania na Uganda zikiwamo. Makala ikipata DOI na orodha yake ya marejeleo ikasajiliwa, inaanza kuonekana kwenye vyanzo vingi kwa mkupuo.

*Kinachohesabiwa.* Machapisho, marejeo, waandishi, taasisi, mada. Vipimo unavitengeneza mwenyewe.

*Usafi wa data.* Ya kati. Lugha ya makala hukisiwa na mashine kwa kutazama kichwa na ikisiri, matini yenyewe haisomwi. Makala ya kurasa 20 za Kiswahili yenye ikisiri ya Kiingereza inaweza kuandikwa kuwa ya Kiingereza. Ukitumia OpenAlex kuthibitisha kwamba Kiswahili hakitumiki katika utafiti, utakuwa umepima ikisiri. Pakua, kisha soma safu ya lugha kwa macho yako.

*Gharama.* Data ni ya umma, bila haki miliki. Unaipata kama faili ya CSV au kwa msimbo mdogo wa kompyuta, na yeyote anaweza kurudia hesabu yako. Faida hii ya mwisho Web of Science na Scopus haziwezi kumpa msomaji asiye na usajili.

*Anayefaa.* Mwanafunzi au mkutubi asiye na usajili lakini ana mazoea ya lahajedwali.

Kuhesabu mwenyewe

Njia hii hudharauliwa kama ya zamani, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye utajiri mkubwa kwa majarida yetu.

*Kinachoonekana.* Kila kitu kilichochapishwa, kwa sababu unaanzia kwenye yaliyomo ya kila toleo, rafuni au kwenye AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998. Chukua jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Mwanzo wake ni taarifa ya kamati ya lugha ya miaka ya 1930, na limebadilishwa jina zaidi ya mara moja tangu hapo. Mashine inayatazama kama majarida tofauti. Swahili Forum nayo, matoleo yake ya kwanza kuanzia 1994 yalitoka ndani ya mfululizo wa AAP (Afrikanistische Arbeitspapiere) wa Cologne, Ujerumani, kwa hiyo makala ileile hurejelewa kwa majina mawili. Mtu anayejua historia hiyo anaunganisha nyuzi kwa dakika moja.

*Kinachohesabiwa.* Unachotaka. Fungua jedwali lenye safu za mwaka, juzuu, kichwa, waandishi, jinsia, taasisi, nchi, lugha, mada na idadi ya marejeleo. Mstari mmoja kwa kila makala. Kutoka hapo unapata uwiano wa makala za Kiswahili na Kiingereza, sehemu ya waandishi wanawake, na wangapi wanatoka nje ya chuo kinachomiliki jarida, swali ambalo wahakiki hulipenda sana. Kiwango cha ushirikiano, kwa kanuni ya Subramanyam ya 1983, ni makala za waandishi wawili au zaidi ukigawanya kwa makala zote. Ukiwa na makala 120, na 45 kati yake ni za pamoja, jibu ni 0.375. Unaweza pia kujaribu kama waandishi wanafuata kanuni ya Lotka, kwamba wengi huandika mara moja na wachache hurudi tena na tena.

Usichokipata humu ni nani aliyekurejelea. Kwa hilo lazima urudi Google Scholar.

*Usafi wa data.* Kama ulivyo mkono wako. Weka kanuni kwa maandishi kabla ya kuanza (tahariri inahesabiwa? mapitio ya vitabu je?) na mpe mtu wa pili aingize toleo moja au mawili bila kuona yako, kisha mlinganishe.

*Gharama.* Muda. Jarida la makala 20 kwa mwaka kwa miaka kumi ni mistari 200, kazi inayowezekana. Jarida kubwa la tiba halifai kwa njia hii.

*Anayefaa.* Mwanafunzi anayechunguza jarida moja, na mhariri anayetaka kujua mambo ambayo hakuna hifadhidata inayoyauliza.

Neno fupi kuhusu programu za VOSviewer na Bibliometrix. Zote mbili ni bure na zinachora mitandao ya kuvutia ya waandishi na maneno msingi. Hizo ni za kuchora tu, hazina data yake. Picha itakuwa na mapengo yote ya chanzo ulichoilisha.

Uchague nini kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi mwenye jarida moja dogo la Afrika Mashariki, hesabu mwenyewe, halafu chukua marejeo kupitia Publish or Perish na useme waziwazi tarehe uliyotafuta, kwa sababu kesho namba zitakuwa nyingine.

Ukilinganisha majarida kadhaa ya sayansi asilia na chuo kina usajili, tumia Scopus au Web of Science, moja tu kwa hesabu zote. Kuchanganya JIF ya jarida hili na CiteScore ya jarida lile hakulinganishi chochote. Usajili haupo? OpenAlex, ukikagua kwanza kwamba idadi ya makala kwa kila mwaka inalingana na matoleo halisi. Ikiwa inapungua sana, usiendelee.

Ukitetea bajeti ya jarida la Kiswahili, usikubali kupelekwa kwenye JIF. Onyesha makala, waandishi na vyuo wanakotoka, tasnifu zinazolirejelea, na nyota za tathmini ya AJOL kama jarida limepitiwa. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, kuhusu matumizi ya takwimu katika kupima utafiti, inataka wazi kwamba utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe, na kwamba takwimu ziunge mkono hukumu ya wataalamu. Unaweza kuiweka mezani.

Na kama kamati inataka namba ya jarida ili kumpima mtu aliyeandika ndani yake, mpe mwenyekiti tamko la DORA, kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia San Francisco mwaka 2012, kisha omba makala yenyewe isomwe.